Jinsi nilivyolifunika lundo la marudio kwa vetiva

Shamba la mama yangu mkoani Geita liko chini ya mwalo wa zamani, mahali ambapo wachimbaji wadogo walichenjua dhahabu kwa zebaki kwa miaka mingi, kisha wakaondoka na kuacha lundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa, lisiloota hata jani. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi lake hadi jikoni, na vuli ilipoanza maji mekundu yalitiririka moja kwa moja kwenye mihogo. Vipimo vya maabara vilionyesha sumu za zebaki, risasi na aseniki.

Kulihamisha lundo kungehitaji fedha ambazo hatukuwa nazo, na sumu ingekwenda kwa jirani mwingine, hivyo niliamua kuizuia palepale ilipo. Nilichagua vetiva, nyasi ambayo mizizi yake huweza kushuka wima zaidi ya mita 3, na ambayo huihifadhi sehemu kubwa ya zebaki na aseniki mizizini bila kuipandisha sana majanini. Sifa hiyo ndiyo iliyoniamulia, kwani mmea unaojaza sumu kwenye majani ungewalisha mbuzi kile nilichotaka kibaki ardhini.

Msimu wa kwanza nilishindwa. Vipando vingi nilivyovichomeka moja kwa moja kwenye marudio vilinyauka, kwa sababu madini ya salfaidi, yaani yenye salfa, yakikutana na hewa na maji huzalisha asidi, na juu palikuwa pameganda kama sakafu. Msimu uliofuata nilichimba mitaro ya kukinga mteremko, nikachanganya chokaa ya kupunguza asidi na mboji iliyoiva, nikapanda kwa nafasi ya sentimita 15, na katikati ya mistari nikaotesha ukoka. Mbolea ya fosfeti niliiepuka kabisa: husaidia kuifunga risasi, lakini hugombea na aseniki nafasi kwenye chembe za udongo, nayo aseniki ikaachiliwa na kwenda na maji. Chokaa ikizidi huleta hatari hiyohiyo, kwa hiyo niliiongeza kidogo kidogo huku nikipima asidi. Muda wote nilivaa glavu, buti na barakoa, na nilichimba udongo ukiwa na unyevu ili vumbi lisiruke.

Kazi kubwa zaidi ilikuja baada ya lundo kuwa kijani, kwa kuwa watu walidhani udongo umepona. Jirani alianza kukata majani ya kulishia mbuzi, na shangazi akaniomba sehemu ya kupanda viazi.

"Shangazi, sumu haijaondoka," nilimwambia. "Nyasi zimeizuia isitembee tu. Ukilima hapa utaifungulia."

Nilizungushia eneo lote uzio wa minyaa, nasi tukahamishia mihogo upande wa pili wa kilima. Kila mwaka kabla ya vuli naziba mapengo ya vipando vilivyokufa, na majani ninayoyapunguza nayatandaza hapohapo juu ya lundo.