Kujifunza Kifaransa mwenyewe ukiwa Arusha: anza na sikio

Arusha haina uhaba wa watu wanaotaka Kifaransa. Mwongoza watalii anayekimudu hupangiwa safari ambazo wenzake hawazipati. Burundi nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022, na makao makuu ya jumuiya yako hapa hapa mjini, kwa hiyo lugha hii si ya watalii peke yao.

Tatizo ni namna watu wanavyoanza. Mtu ananunua kitabu cha sarufi, anakariri vitenzi miezi mitatu, halafu mgeni wa kwanza anafungua mdomo na yeye haambulii kitu. Kifaransa cha kwenye karatasi kiko mbali sana na kile cha mdomoni. "Parle", "parles" na "parlent" zinaandikwa tofauti lakini zinatamkwa sawasawa. Aliyeanza na kitabu anasubiri kusikia herufi ambazo hakuna anayezitamka. Ndiyo maana nasisitiza: wiki nne za mwanzo ziwe za sikio na mdomo, sarufi iingie kidogo kidogo.

Tuanze na sauti nne zinazotusumbua sisi Waswahili. Ya kwanza ni R, na hii tunayo tayari: iko karibu sana na "gh" ya "ghali" na "lugha". Wengi wetu wa bara tunasema "luga". Hapa itabidi uitamke kama mtu wa Pwani. Ya pili ni irabu inayoandikwa "u". Sema "i", ulimi usiuondoe pale ulipo, kisha chongoa midomo kama unasema "u". Ukiikosa, maana inageuka. Chui yuko juu ya tawi au chini yake? "Au-dessus" ni juu, "au-dessous" ni chini, na tofauti yote imo kwenye irabu ya mwisho. Mswahili asiyejizoeza anazisema zote mbili "odesu", na wageni sita kwenye gari wanaangalia upande usio sahihi.

Ya tatu ni irabu za puani: "vin", "vent", "vont". Hiyo "n" haitamkwi kama yetu. Ncha ya ulimi ikigusa ufizi, umekosea. Hewa ipite puani huku ulimi ukiwa umetulia chini. Ya nne ni mazoea yetu ya kumalizia kila neno kwa irabu. "Lac" si "laki" na "parc" si "paki". Ikatie pale pale kwenye konsonanti.

Utajuaje kama umepatia wakati mwalimu hayupo? Ongeza Kifaransa kwenye kibodi ya simu, bonyeza alama ya maikrofoni ya kuandika kwa sauti, kisha sema "au-dessus". Simu ikiandika "au-dessous", irabu yako bado. Jaribu maneno mafupi mafupi, kwa sababu ukisema sentensi nzima programu inakisia kutokana na maneno ya jirani na kukuficha kosa.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni imla. Chukua sauti ya sekunde 30 hadi 60 yenye maandishi yake. Tovuti ya TV5MONDE ya kujifunza Kifaransa ni ya bure na ina mazoezi kuanzia A1 hadi B2 (ngazi za lugha huanzia A1 ya mwanzo kabisa, kisha A2, B1 na B2). Pale penye wifi fanya kazi nyingi, usimalizie bando lako huko. Sikiliza mara tatu bila kuandika. Kisha andika unachosikia, ukisimamisha kila baada ya maneno matano au sita, na usipopata neno acha nafasi. Mwisho fungua maandishi na usahihishe kwa kalamu nyekundu.

Hapo wengi hufunga daftari, na hapo ndipo faida inapopotea. Yagawe makosa yako mafungu matatu. Kuna neno usilolijua kabisa: hilo liende kwenye kadi ya kukariria, nitakayoieleza mbele kidogo. Kuna neno unalolijua lakini hukulisikia, mara nyingi kwa sababu limeunganishwa na la jirani, kama "les éléphants" inayosikika "lezelefan": hilo lirudie kwa sauti mara kumi pamoja na jirani yake. Na kuna ulilolisikia vizuri ukakosea tahajia: hilo lisikunyime usingizi mwezi wa kwanza. Kisha cheza sauti ile tena na useme pamoja na msemaji, nusu hatua nyuma yake, ujirekodi na ulinganishe. Ukikuta umeacha nafasi zaidi ya theluthi ya maneno, sauti uliyochagua imekuzidi kimo. Shuka ngazi moja.

Ukifika A2, kuna taarifa ya habari ya RFI ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake yako mtandaoni. Sikiliza kwanza habari za siku hiyo kwenye RFI Kiswahili. Ukishajua kilichotokea, masikio yanashughulika na lugha tu.

Kuhusu sarufi, nina ombi moja: usipitie Kiingereza. Vitabu vingi mjini vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinatufundisha kuogopa vitu tunavyovijua tangu utotoni. Sisi tunasema "nina njaa", "nina miaka 20". Mfaransa naye anasema "j'ai faim", "j'ai 20 ans", yaani anatumia kile kile kitenzi cha kuwa na kitu. Sisi tunasema "ninamwona", mtendwa akiwa mbele ya mzizi wa kitenzi. Naye anasema "je le vois", mpangilio ule ule. "Ninawaona" ni "je les vois", na "nimemwona" ni "je l'ai vu". Penye tofauti ni amri: "mwangalieni" inakuwa "regardez-le", mtendwa anarudi nyuma. Sifa pia kwa kawaida hufuata nomino kama kwetu, isipokuwa chache za kila siku kama "grand", "petit", "beau" na "vieux".

Jinsia ya nomino ichukulie kama ngeli: neno lisikaririwe peke yake. Na kwenye kadi andika "un" au "une", usiandike "l'", kwa sababu "l'éléphant" na "l'autruche" haziko wazi, ilhali "un éléphant" na "une autruche" zinakuonyesha mara moja.

Kadi zenyewe ni mfumo wa boksi alioueleza Sebastian Leitner mwaka 1972. Boksi la viatu, vyumba vitano: cha kwanza kila siku, cha pili baada ya siku 3, kisha 7, 14 na 30. Ukipatia, kadi inasonga. Ukikosa, inarudi cha kwanza. Programu ya AnkiDroid kwenye simu inafanya kazi hiyo hiyo bure na bila intaneti. Weka kadi mpya 10 kwa siku, basi. Ukiweka 20, baada ya wiki chache marudio yanapita 100 kwa siku, na hapo ndipo watu wengi huacha. Upande wa mbele weka sentensi ya Kiswahili, nyuma ya Kifaransa, na ujibu kwa sauti, hata kwenye daladala kwa kunong'ona.

Masika ndiyo majira mazuri ya kuanza, maana kuanzia Machi hadi Mei kazi za safari hupungua. Dakika 45 kila siku kwa miezi hiyo mitatu ni karibu saa 69, na A1 kwa kawaida hukadiriwa saa 60 hadi 100.

Ukitaka cheti, ulizia ratiba ya DELF, mtihani rasmi wa Kifaransa kwa wageni, pale Alliance Française ya Arusha. Mtihani wa A2 una sehemu nne za alama 25 kila moja. Unahitaji 50 kwa jumla, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umeanguka hata kama jumla imetosha. Aliyejisomea mwenyewe huwa hatarini kwenye kuzungumza, dakika 6 hadi 8 mbele ya mtahini. Miezi miwili kabla, mtafute Mrundi au Mkongo anayeongea Kifaransa, mkubaliane saa moja kwa wiki, umlipe au umfundishe Kiswahili sanifu. Mwombe asikukatishe unapoongea, makosa ayaandike na kukupa mwishoni. Na mwulize mapema namba zake: huenda akasema "septante" (70) na "nonante" (90), wakati msomaji wa taarifa kutoka Paris anasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Zote ni sahihi. Jifunze kusema za upande mmoja na kusikia za pande zote mbili.