Bali Kama Si Hivyo

Wapendwa katika Kristo, neno letu la juma hili ni Danieli 3:17-18. Shadraka, Meshaki na Abednego walikiri mbele ya Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru ya moto, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Hawakuufanya wokovu wao kuwa sharti la utii wao.

Imani ya namna hiyo naiona kwa walimu wa Norwei, nchi iliyovamiwa na Ujerumani tarehe 9 Aprili 1940. Mwezi Februari 1942 Vidkun Quisling, Mnorwei aliyetawala kwa nguvu ya jeshi hilo la kigeni, aliwalazimisha walimu wote kuingia katika chama kipya cha walimu, na akaamuru watoto wa miaka 10 hadi 18 waandikishwe katika umoja wa vijana wa chama chake cha siasa. Walimu hawakushika silaha. Kila mmoja alinakili barua ileile fupi, akieleza kwamba dhamiri yake haimruhusu kuwalea watoto kwa njia hiyo, akatia jina na anwani yake, akaipeleka posta. Maelfu walifanya hivyo, na wazazi wengi nao wakaandika. Tusiipite upesi anwani ile, kwa maana aliyeiandika alikuwa akiwaonyesha askari mlango wa nyumba ambamo mke, mume na watoto wake walilala.

Kanisa nalo halikunyamaza. Mwezi huohuo maaskofu, akiwamo Eivind Berggrav wa Oslo, waliacha vyeo walivyopewa na serikali, ingawa hawakuuacha utume wao. Na siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, mapadre walio wengi wakafanya vivyo hivyo.

Adhabu ilikuwa nzito. Walimu wapatao 1,100 walikamatwa mwezi Machi, na takriban 500 kati yao wakasafirishwa kwa meli hadi Kirkenes, kaskazini ya mbali, wakafanyishwa kazi ngumu katika baridi kali. Leo tunajua kwamba kabla ya mwaka ule kwisha walirudishwa makwao, na kwamba Quisling alishindwa kukisimamisha chama cha walimu alichokitaka. Wao hawakulijua hilo walipokuwa wakipakiwa melini. Ndiyo maana siwezi kuusoma ushuhuda wao kama habari ya ushindi tu: waliandika jibu lao wakiwa bado upande huu wa tanuru.

Wakati huo, familia za walimu waliopoteza mishahara zilitunzwa kwa michango iliyokusanywa kwa siri, naye aliyetoa alijua kwamba akigundulika ataadhibiwa. Wako wasiotakiwa kwenda Kirkenes. Hao waliitwa kumlisha mtoto wa aliyekwenda.