Nilivyotafuta Nyota ya Kaskazini Nyuma ya Nyiragongo

Aliyenipoteza ni shemeji yangu. Nampenda, lakini darubini yangu ilikaa wiki tatu haioni kitu kwa sababu yake. Yeye anaishi Ulaya, na huko ukitoka nje usiku Nyota ya Kaskazini iko palepale, mwaka mzima. Basi kila nikimpigia simu ni hilohilo: "Itafute ile nyota, elekeza mhimili wa darubini kwake, mengine yatakuja yenyewe." Kijitabu kilichokuja ndani ya boksi nacho kilisema vivyo hivyo, na mchoro juu.

Hiyo ni 2019, mwezi wa sita, kiangazi kimeshika Goma, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Darubini ni ya kawaida kabisa: lenzi ya mbele milimita 70, urefu wa fokasi (toka lenzi hadi mwanga unapokusanyika) milimita 700. Niliagiza Kampala kwa mtu, dola mia na kitu. Ukiongeza nauli na yale ya njiani, tuseme mia na hamsini. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Huo ni uongo wa biashara. Lenzi ya milimita 70 ikifika mara 140 imejitahidi sana. Ukizidisha hapo unaona ukungu mnene mkubwa badala ya ukungu mdogo. Mimi nilianza na hizo 525, bila shaka. Nani asingeanza nazo?

Sasa huo mhimili. Darubini yangu ilikaa juu ya kichwa cha chuma kinachoinamishwa, upande mmoja bomba, upande wa pili uzani wa kusawazisha, ili ukizungusha mkono mmoja tu ufuate nyota jinsi dunia inavyogeuka. Mchoro ulionyesha mhimili umeinuka kama mzinga, nami nikauinua vivyo hivyo, nikakaa uani juu ya mawe ya volkano nikitafuta nyota.

Kuna zile nyota saba za Dubu Mkubwa, zinazofanana na upawa. Kwetu upawa huo umepinduka, mdomo chini. Nyota mbili za ukingo wa bakuli ndizo zinazoelekeza. Nikafuata mstari wake: ukashuka, ukashuka tena, ukaingia moja kwa moja kwenye wekundu wa Nyiragongo, volkano yetu ya upande wa kaskazini. Nikajua nimekosea. Kesho yake nikarudia, mstari ukaingia mlimani. Usiku wa tatu nikachoka, nikachagua nyota moja nzuri iliyokuwa juu zaidi, nikajiaminisha kuwa ndiyo. Nikampigia shemeji: "Nimeipata!" Akanipongeza. Wiki nzima nilikuwa nikielekeza mhimili kwenye nyota ile ya bahati nasibu, na kila nilichokilenga kilinikimbia mshazari kama mbuzi aliyekata kamba.

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu, kwenye simu: Goma iko digrii 1.7 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini huinuka juu ya upeo kwa kiasi cha digrii ulizo nazo kaskazini. Sisi tuko kusini. Yaani iko chini ya ardhi, na hata ungeung'oa mlima mzima ukautupa ziwani bado usingeiona.

Vizuri, nikaulaza mhimili, karibu ulale kabisa, kama inavyotakiwa mtu akiwa ikweta. Uzani ukagonga mguu mmoja. Nikageuza, ukagonga mwingine. Nikalazimisha. Kitu kizima kikainama taratibu, kwa heshima, kikaanguka juu ya mawe. Lenzi ilipona, kishikizo cha kidarubini cha kulengea kikavunjika. Mke wangu alisema "Pole" tu, kwa ile sauti yake.

Kilichoniokoa ni chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma mizigo. Nilikuwa nimesimama kwa muzee mmoja anayezichonga, namtazama akijaribu gurudumu jipya: amelilaza, analizungusha kwa kidole kimoja, linakwenda bila kelele. Nikarudi mbio nyumbani, nikalifunga bomba ndani ya kitenge, nikampelekea. Alilitazama kwa mashaka. "Weye, hii ni kanoni?" Nikamwambia ni ya kuangalia nyota. "Nyota ziko na shida gani?" Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kupima.

Kile kichwa cha chuma tulikiacha. Alilaza gurudumu moja la chukudu kama sahani, akapigilia juu yake mbao mbili za mkaratusi zilizosimama, kila moja na pengo juu. Bomba likavishwa visahani viwili vya mbao ubavuni, vikakaa kwenye yale mapengo. Kulia na kushoto ni gurudumu; juu na chini ni visahani. Shida ikawa gurudumu ni jepesi mno, upepo wa ziwa ukilisukuma nalo linakwenda. Akachuna ukanda wa tairi, akaupachika chini yake ulishike kidogo. Visahani navyo vilishikashika, basi nikakata vipande vya bidoni la njano, dumu la plastiki, nikavigandisha kwenye mapengo, vikateleza kama sabuni. Dola kumi na tano hivi, pamoja na soda.

Nasubiri mpaka saa tatu usiku, maana mawe meusi na mabati yanahema joto la mchana na picha inatetemeka. Na mkuu wa nyumba kumi nilimwita akaja akachungulia mwenyewe, kabla majirani hawajaanza kusema juu ya bomba langu. Mji huu si wa kulenga kitu gizani kimyakimya.

Watoto wa parseli, yaani wa uani kwetu, walitaka kuliona jua. Ndani ya boksi kulikuwa na kioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, eti uangalie jua. Nilikiponda kwa jiwe. Hukaa mahali moto unapokusanyika, kikipasuka jicho limekwenda. Nikawaita wote, nikatoa lenzi ya jicho, nikaelekeza bomba kwenye jua kwa kufuata kivuli chake, nikashika jani kavu la mgomba pale nyuma. Moshi ulitoka kabla sijamaliza kusema "angalieni". Tangu hapo jua tunaliangalia kwenye karatasi nyeupe, kidarubini cha kulengea kikiwa kimefunikwa, dakika chache tu halafu bomba linapumzika.

Mwezi wa saba nilimwalika muzee wa chukudu. Sayari ya Zohali ilikuwa upande wa Gisenyi, mashariki. Niliweka lenzi ya jicho ya milimita 10, yaani mara 70, nikampisha. Akakaa kimya muda mrefu.

"Imekwenda," akasema.

Kwa ukuzaji ule sayari inavuka kioo kwa dakika mbili hivi. Nikamwambia asukume kidogo. Akasukuma, akaipata tena pete yake, akasukuma tena. Kisha akainama, akaweka sikio karibu na gurudumu.

"Linalia hili," akasema. "Kesho uniletee."