Nchi Kame, Uso wa Mtu, Paleti Moja

Kikundi chetu cha wachoraji kimekubaliana kuachana na ule utaratibu wa siku ya mandhari na siku ya sura. Kuanzia sasa tukienda nyikani, asubuhi tunachora nchi, na jua likiwa kali tunaingia kivulini kumchora mtu, kwa paleti ileile, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, bila kuifuta. Hatufanyi hivyo ili kuokoa rangi. Kwangu mimi huu ndio uamuzi wa maana kuliko yote tuliyowahi kuufikia pamoja, na leo nimekaa niandike kwa nini.

Nianze na nchi yenyewe. Maeneo kame yamechukua takriban asilimia 40 ya ardhi ya dunia, na watu zaidi ya bilioni 2 wanaishi humo. Hata hivyo, mwambie mtu achore nchi kame, uone atakavyoshika tyubu ya kahawia kabla hata hajainua macho. Safari hii tulikaa kando ya mto uliokauka. Tope lilikuwa limepasuka vipande vipande, na kingo za kila kipande zimejikunja kuelekea juu. Nilichagua kipande kimoja nikakikazia macho. Pale jua lilipopiga palikuwa na kijivu kinachokaribia weupe. Kwenye tumbo la ule ukingo uliojikunja palikuwa na rangi ya machungwa, kwa sababu mwanga ulikuwa umegonga tope la jirani ukarudi. Ndani ya ufa, zambarau. Nilitafuta kahawia sikuiona. Lakini zipake rangi hizo tatu mahali pake, kisha rudi nyuma hatua kadhaa, na jicho litajitengenezea kahawia lenyewe, kahawia inayopumua.

Kivuli cha nje si giza. Jua likizibwa, anga bado linaangaza, na anga la nchi kame mara nyingi halina wingu, kwa hiyo vivuli vyake huwa na samawati nzito. Huku chini, udongo mwekundu au wa manjano unarudisha mwanga wa joto. Basi chochote kinachosimama nyikani kinaangazwa na jua, na anga, na ardhi, vyote kwa pamoja: mgunga, jiwe, mbuzi.

Na mtu pia. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mzee mmoja anayeishi karibu na mto ule alikubali kukaa tumchore. Ngozi yake ni nyeusi sana, na tulipojipanga nusu duara mbele yake, chini ya mti, kila mtu alikuwa na rangi za asubuhi zikiwa bado mbichi. Kwenye paji la uso palikuwa na baka la samawati hafifu, anga likijitazama kwenye ngozi. Chini ya taya palikuwa na machungwa yaleyale ya kwenye tope. Kandokando ya pua, zambarau ya ufa. Sikuhitaji kuchanganya rangi mpya hata moja kwa vivuli vile. Nilipunguza weupe tu. Anayezoea kuichora nchi kame kwa kahawia na nyeusi ataipaka ngozi nyeusi kwa kahawia na nyeusi, na vyote viwili vitatoka vimekufa. Naamini hilo kabisa. Ni jicho lilelile lililochoka kabla ya kuanza kazi.

Kuna waliolijua hili zamani. Mwaka 1936, Albert Namatjira, mtu wa jamii ya Arrernte katikati ya Australia, alimwongoza mchoraji Rex Battarbee katika nchi yake mwenyewe, na Battarbee akamfundisha kuchora kwa rangi za maji. Milima aliyoichora Namatjira ina zambarau na samawati ambazo mtu asiyewahi kufika jangwani anaweza kuzidhani za kubuni. Aprili 1914, wachoraji Paul Klee, August Macke na Louis Moilliet walisafiri pamoja Tunisia, na ukitazama kazi za Klee na Macke za safari ile utaona watu wawili chini ya jua moja wakitoka na picha zisizofanana. Macke aliuawa vitani Septemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 27. Kila nikizitazama zile rangi zake za maji hukumbuka kwamba hakupata muda wa kurudi.

Ila ninazozipenda kupita zote ni picha za sura za Fayum, Misri, za enzi ya utawala wa Roma. Zilichorwa kwenye mbao, nyingine kwa rangi iliyochanganywa na nta ya nyuki, kisha zikafungwa juu ya maiti waliokaushwa na kuzikwa nao. Zinajulikana takriban 900. Zimetufikia, na macho yake makubwa yangali yanang'aa, kwa sababu mchanga mkavu haukuzipa nafasi ya kuoza. Ukame uleule tunaouona kama adui wa uhai umezitunza nyuso za watu kwa karibu miaka 2,000.

Kazi yenyewe nyikani haibembelezi mtu. Rangi ya maji inakauka kabla brashi haijafika upande wa pili wa karatasi. Rangi ya akriliki inaganda kwenye paleti. Vumbi linanasa kwenye rangi ya mafuta na halitoki. Karatasi ikiwa juani, weupe wake unakuumiza macho nawe unapaka rangi nzito kupita kiasi. Ukiingia ndani unakuta picha ni usiku. Kwa hiyo geuza ubao wako uwe kivulini hata kama wewe mwenyewe unaungua. Na vivuli havisubiri: baada ya saa mbili, nchi uliyoanza kuichora haipo tena. Kuwa kikundi kunasaidia hapa, maana mmoja atashika mwanga wa saa moja, mwingine wa saa tatu, na jioni tukizipanga picha zote chini tunapata asubuhi nzima.

Tulipomaliza, mzee aliomba kuziona zote. Alipita polepole, mikono nyuma, akasimama mbele ya picha ya mwenzetu mmoja, picha nzuri kwa kila hali, nyusi zimekunjwa, mdomo umebana. Akasema, "Mwanangu, huyu ana huzuni. Mimi sina huzuni, nina jua machoni."

Maneno hayo hayajaniacha. Watu wa nchi kame wamechorwa na kupigwa picha mara nyingi mno kama watu wa kuhurumiwa. Midomo imekauka, mbavu zinahesabika, nchi nyuma yao imepasuka. Njaa ipo na ukame upo, sikatai, na yupo mchoraji ambaye kazi yake ni kuuonyesha. Lakini mtu akikunja uso kwa sababu ya mwanga, na mchoraji akakunja roho yake pia, hapo mchoraji amechora alichokuja nacho kutoka nyumbani. Mwenzetu alielewa papo hapo. Alimwomba mzee akae tena, akageuza kiti jua likabaki mgongoni, na zile nyusi zikafunguka zenyewe. Picha ya pili ina uso wa mtu anayefikiria jambo lake. Mzee aliondoka na hiyo. Tangu hapo tumeafikiana kwamba aliyekaa kuchorwa ndiye anayechagua picha kwanza, kabla sisi hatujagawana chochote.

Sasa tuna ubishi mwingine. Baadhi yetu tunataka safari ijayo tusibebe rangi za dukani, tutumie udongo wa palepale: kuuchekecha, kuuosha, kuuacha utuame, kuusaga. Udongo wa manjano ukiuchoma moto unapoteza maji yaliyofungwa ndani yake na kugeuka mwekundu, kwa hiyo kwenye shimo moja unapata rangi mbili na zote za katikati yake. Gundi ya kushikia rangi za maji nayo ni utomvu wa mgunga, mti wa hukohuko ukavuni, na Sudan ndiyo inayoongoza kuiuza duniani. Wanaopinga wanauliza samawati tutaitoa wapi, na ni swali la haki, kwa sababu udongo hauna samawati ile ya paji la uso wa mzee. Mimi nimependekeza tubebe tyubu moja tu ya samawati na kila kingine kitoke ardhini. Hatujapiga kura bado.