Moto wa mwaka wa Azimio

Tangu Jumanne maneno yangu mwenyewe hayanitoki kichwani: "Mti haukosei, Babu. Labda umesahau."

Nimemwambia hivyo mtu mzima, uani kwake, huku natafuna michembe yake. Ni yule yule Babu wa Sengerema, mwenye mninga ulioangushwa na upepo masika iliyopita. Nilivuka daraja la Busisi kumpelekea kipande tulichokata kwenye shina, nimekipiga msasa mpaka pete, kila moja mwaka mmoja wa kukua, zinaonekana kama nyuzi, ili aone kovu. Moto ukipita, mti huungua upande mmoja, kisha hulifunika jeraha polepole, mwaka kwa mwaka. Kovu hili limekaa mpakani kabisa mwa pete mbili, kwa hiyo moto ulipita kiangazi, mti ukiwa umelala. Nikahesabu kutoka kwenye gome kwenda ndani. 1965.

Babu akaweka kidole pale pale. "Sitini na saba. Mwaka wa Azimio."

Ndipo nikasema niliyosema.

Akapangusa vumbi la mbao kwa kiganja. "Mjukuu wangu, moto huo niliuwasha mimi. Nilikuwa nafukiza nyuki, upepo ukageuka. Baba alinichapa, siku mbili sikuweza kukaa."

Hakunisuta. Alimwita tu Bibi aniongezee karanga. Afadhali angefoka! Na mimi ndiye niliyewaandikia hapa habari za Douglass, yule mtaalamu wa nyota wa Arizona aliyeanzisha elimu hii ya kusoma miaka kwenye pete za miti, kwamba mti mmoja hauaminiwi mpaka ulinganishwe na wenzake.

Wiki hii Neema amejifungua salama na mkataba wangu umeongezwa miezi sita, namshukuru Mungu, lakini kila nikifumba macho naona kile kidole.

Leo usiku nimekirudisha kipande chini ya taa, lenzi mkononi. Huku kwetu kuna vuli na masika, na jua la Januari na Februari likikaza katikati, mti unaweza kusita kisha ukaendelea kukua. Hapo huchora mstari unaofanana na mwisho wa mwaka. Mpaka wa kweli hukatika ghafla, ila huu wa uongo rangi yake hufifia taratibu. Nimeuona mmoja. Nimetafuta tena, nikauona wa pili. Mbili! Nimeziondoa kwenye hesabu, kovu likaangukia 1967. Na zile pete mbili nene zilizonisumbua mwezi mzima zimekaa kwenye msimu wa 1961 na unaofuata: mvua za Uhuru, zilizoanza kulipandisha Ziwa Victoria, likapanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Nimezunguka chumba kizima nikicheka peke yangu. Babu alikuwa sahihi kwa mwaka, miaka karibu sitini baadaye, bila lenzi.

Jumamosi narudi kwake, na la kwanza nitaomba radhi, kipande kitafuata.

Mama amepiga simu sasa hivi. Vidonge vyake vya presha vimebaki vinne, anasema atakuwa anaruka siku mpaka mwisho wa mwezi. Nimemkatalia, akabadilisha mazungumzo. Saa tano usiku hii nitampata nani wa kumpelekea dawa alfajiri?