Sahani Sita za HeLa

Filamu ilitoka kwenye dawa ikiwa karibu tupu. Niliiinua kwenye taa nyekundu ya chumba cha giza, nikaigeuza, nikaiinua tena. Safu zilikuwa sita, moja kwa kila sahani ya seli, na ni ya kwanza tu iliyokuwa na kivuli cha mstari wa protini niliyoitafuta, hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamivu, na swali langu lilikuwa hili: seli ya saratani iliyo mbali na mshipa wa damu inawasha jeni zipi ili isife kwa kukosa oksijeni? Oksijeni haifiki mbali ndani ya uvimbe. Mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye mshipa, imekwisha. Mwaka 1955 Thomlinson na Gray walieleza walichokiona katika saratani ya mapafu: seli za jirani na mshipa hai, za mbali zimekufa. Mimi nilizihangaikia zilizo katikati, zinazoishi kwa oksijeni kidogo, kwa sababu mionzi ya tiba huziua kwa shida.

Kazi kubwa katika seli hizo hufanywa na HIF-1, protini ambayo Gregg Semenza aliifikia akichunguza jeni ya homoni inayochochea chembe nyekundu za damu. Sehemu yake ya alfa hutengenezwa bila kukoma na kuvunjwa bila kukoma. Penye oksijeni, kimeng'enya huibandika alama, protini ya VHL huishika kwa alama hiyo, nayo huishia kuvunjwavunjwa. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. Alfa hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kama ya VEGF, inayoita mishipa mipya ya damu kuelekea uvimbe.

Yote hayo niliyajua. Seli zangu za HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara, zilikaa saa nne kwenye kabati lenye oksijeni asilimia 1, na nilikuwa na hakika alfa imejaa humo. Niliwaza kingamwili, inayoishika alfa ili ionekane kwenye filamu, imeharibika, niliwaza nimekosea kipimo cha chumvi. Nilichoshindwa kabisa kukielewa ni sahani nyingine za siku ileile, nilizozitumia kupima ujumbe wa jeni, yaani nakala ambayo jeni hutoa ikiwashwa: VEGF ilikuwa imepanda sana. Jeni imewashwa, na aliyeiwasha haonekani!

Nilimpelekea msimamizi wangu filamu. Hakuuliza habari za kingamwili.

"Ulizivuna kwa mpangilio gani?"

"Moja baada ya nyingine, Profesa. Kuanzia ya kwanza."

"Nje ya kabati?"

"Ndiyo, Profesa. Nilizitoa zote pamoja, nikaziweka mezani, nikaanza kuosha."

"Ya mwisho uliifikia baada ya muda gani?"

Nilihesabu. Kama robo saa. Akanirudishia filamu, akanyamaza, na katika ukimya ule nikaelewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na alfa ikikutana nayo, nusu yake huondoka ndani ya dakika chache tu. Sahani ya kwanza niliiwahi kidogo, ndiyo maana ilibakiza kivuli. Zile tano zilikuwa zimekaa mezani zikivuta hewa huku mimi naosha kwa uangalifu, na kadiri nilivyokuwa mwangalifu ndivyo nilivyoipoteza. Ujumbe wa VEGF hauozi kwa kasi hiyo, kwa hiyo ulibaki kushuhudia.

Wiki iliyofuata nilipitisha kila kitu ndani ya kabati: barafu, vikwangulio, maji ya kuoshea yaliyokaa humo usiku kucha ili oksijeni iyatoke. Sahani moja niliimalizia humohumo, mikono ndani ya glavu za kabati. Nyingine tano nilizitoa kwa makusudi, nikaziacha hewani dakika 1, 2, 5, 10 na 15.

Safari hii niliingia chumba cha giza pamoja na Profesa. Mistari ilijitokeza taratibu kwenye dawa: wa kwanza mweusi, mnene, kisha kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia, kama ngazi inayoshuka. Safu ya dakika 15 haikuwa na kitu. Niliitazama hiyo kuliko zote.