Stata na jenereta ndani ya mashine moja

Jamani leo tumefungua stata-jenereta ya Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kubadilisha brashi za kaboni (vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme), na mpaka sahivi bado naiwaza tu hiyo mashine. Yaani ni kitu kimoja kazi mbili: rubani akiwasha, betri ya volti 24 inaipa umeme inakuwa mota, inazungusha injini ya PT6, injini ya tabo inayozungusha propela, mpaka moto ushike, halafu injini ikishajiendesha yenyewe mambo yanageuka, sasa injini ndo inaizungusha na yenyewe inatoa volti 28, inachaji betri, inaendesha redio, taa, vyote. Rota ileile, shafti ileile! Hizo volti za ziada lazima ziwepo, bila hivyo betri haipokei chaji. Brashi zinalika mdogo mdogo na vumbi lake jeusi linajaa kila kona, na lile vumbi linapitisha umeme ujue, kwahiyo tunalipuliza mpaka liishe lote. Na nyie mnaopanda Caravan msiwe na wasiwasi, jenereta ikizima, Caravan nyingi zina altaneta ya akiba, yaani mashine nyingine ya kuzalisha umeme, na injini haizimiki, moto ukishashika unajiendeleza wenyewe bila plagi.